Je, Kufungia Simu Sandukuni Ndiko Kumfundisha Mtoto?

Lipo swali ambalo siku hizi halikosi kutajwa katika mikutano ya wazazi, na waalimu wa shule pamoja na waalimu wa Kipaimara huulizwa mara nyingi kuliko wapendavyo. Swali lenyewe ni hili: mtoto wa shule na simu, je, watenganishwe kabisa, ama afundishwe kuitumia? Wengi hulijibu upesi. Wengine husema, "Ipigwe marufuku." Wengine husema, "Dunia imebadilika, mwacheni." Sisi twaona ya kuwa majibu haya mawili, ingawa yagombana, yana jambo moja la kufanana: hakuna hata moja linalomtaka mwalimu afundishe neno lolote. La kwanza lafunga mlango, la pili laacha mlango wazi, na mwalimu katika yote mawili amekaa kitini mwake.

Kwanza yatupasa kuwatendea haki wale wanaokataza. Katika Tanzania mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na katika shule nyingi limo sanduku ofisini mwa mwalimu mkuu lililojaa simu zilizonyang'anywa. Ziko na shule ambako simu huvunjwa kwa jiwe mbele ya wanafunzi waliopangwa mstarini, ili wengine waone wakaogope. Sababu zao si za kipuuzi. Simu moja katika bweni yatosha kuwanyima wengi usingizi. Simu huibwa, na wizi huleta mashaka kati ya rafiki na rafiki. Tena yuko mtoto wa mwenye duka aliye na simu janja ya bei kubwa, na kando yake amekaa mtoto wa mjane ambaye hata daftari amekopa. Kwa nini shule iongeze kidonda hicho?

Wala si sisi peke yetu. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuwakataza watoto wa shule za msingi na za kati kutumia simu shuleni. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya vyombo vya kisasa katika elimu ilionyesha kwamba wakati ule nchi zilizokwisha kukataza simu shuleni hazikufika robo ya nchi za dunia, lakini hesabu yazidi. Sweden, nchi ambayo wengi wetu twaijua kwa ajili ya wamisionari wake, ilikuwa imewapa watoto wake vishikwambi kwa wingi. Mwaka 2023 serikali yake ilitenga fedha za kununua tena vitabu vya karatasi. Nayo Australia ilipitisha sheria Novemba 2024, ikaanza kutumika Desemba 2025, ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Basi anayekataza asiitwe mshamba. Watu waliotutangulia katika mambo haya wamekwisha kuogopa.

Lakini kukataza ni kazi ya ua, na ua haufundishi. Ng'ombe aliyefungwa zizini hali mahindi ya jirani, lakini hakuna asemaye ya kuwa ng'ombe yule amejifunza uaminifu. Tazameni jinsi tunavyofanya kwa panga. Panga laweza kumkata mtoto kidole, hata laweza kuua mtu. Je, twalificha panga mpaka kijana atimize miaka 18, kisha siku hiyo twamkabidhi na kumtuma msituni peke yake? Sivyo. Mtoto huanza kwa kukata majani ya mbuzi, baba yake akisimama karibu, akimwambia, "Usimpe mwenzako panga kwa upande wa makali. Usilirushe. Usicheze nalo palipo na watoto." Nusu ya mafundisho hayo ni ya kujilinda mwenyewe, na nusu ni ya kumlinda mwenzako. Na kadhalika moto wa jikoni. Mama hamfungii binti nje ya jiko mpaka aolewe.

Kwa simu tumefanya kinyume. Kijana amaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Kabla ya Krismasi ameuza maharage au amefanya kibarua, amenunua simu. Miaka minne shule ilimwambia jambo moja tu kuhusu chombo hiki, kwamba akionekana nacho atafukuzwa. Sasa anacho mkononi usiku na mchana, na waliomkataza hawapo.

Mambo gani humngoja? La kwanza ni dogo, tena wengi hulichekea: ujumbe usemao, "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Mwandishi wa ujumbe huo hajui amemwandikia nani. Ametuma kwa mamia, akitumaini kwamba kati yao yuko mmoja ambaye asubuhi ile aliahidi kumtumia mtu fedha. Hila yake si akili nyingi, ni haraka ya msomaji. Wanaonaswa si watoto tu. Ziko nywele nyeupe zilizokwisha kutuma ada ya mjukuu kwa mwizi.

La pili ni baya zaidi, nalo ni mikopo ya simu. Kijana ana shida ya shilingi 20,000. Aona programu isemayo itampa fedha katika dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini. Apakua. Programu yauliza: "Waruhusu kusoma majina na namba za watu wako?" Abonyeza "Kubali", maana hakuna aliyemwambia kwamba neno hilo ni mkataba. Siku ya kulipa ikipita, shangazi, mwalimu wake wa zamani, na hata mchungaji wake wapata ujumbe wa matusi kwamba fulani ni mwizi, mwambieni alipe. Watu wameiita mikopo ya namna hii "kausha damu", na jina limefaa. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kuwaonya watu wazikwepe. Ni vema. Lakini orodha hutangazwa leo, na kesho programu zaja kwa majina mengine.

Hapa twapenda kusimama kidogo, maana katika jambo hili limo fundisho ambalo twaona halijatajwa vya kutosha. Watu humwonea huruma kijana aliyeaibishwa, na ni haki. Lakini je, yeye alitoa nini alipobonyeza "Kubali"? Alitoa majina na namba za watu wengine. Shangazi hakukopa. Mwalimu hakuombwa idhini. Daftari la majina lililomo ndani ya simu latazamwa kana kwamba ni mali ya mwenye simu, na kumbe kila jina mle ni amana aliyowekewa na mtu. Mtu akikupa namba yake, amekupa ufunguo wa mlango wake; hukupewa ruhusa ya kuuchonga mwingine na kumpa mpita njia.

Basi twaona ya kuwa maneno mawili ambayo hutajwa pamoja, yaani usalama na uwajibikaji, si neno moja. Usalama wauliza: ubaya gani waweza kunijia kwa chombo hiki? Uwajibikaji wauliza: ubaya gani waweza kutoka kwangu kwenda kwa mwenzangu? Shule chache zinazofundisha mambo haya hufundisha la kwanza tu. Humwambia mtoto: usimpe mgeni namba yako ya siri, usikutane na mtu uliyemjua mtandaoni, usitume picha yako. Mafundisho haya ni ya kweli, tena ya lazima. Lakini mtoto aliyefundishwa hayo peke yake amefundishwa kuogopa tu. Aweza kuwa salama kabisa, naye akawa yeye mwenyewe ndiye hatari ya wenzake.

Chukueni jambo la picha. Mwanafunzi ameanguka matopeni katika michezo, nguo imepasuka. Mmoja amepiga picha. Ameituma katika kundi la watu 40. Kila mmoja wa hao ametuma katika kundi jingine. Jioni picha imefika wilaya ya pili, na kila aulizwaye ajibu, "Mimi nimetuma tu kama nilivyotumiwa." Je, nani mwenye kosa? Zamani masengenyo ya kisimani yalichoka. Msemaji alisahau, msikilizaji alichanganya, mvua ilinyesha watu wakaongea habari za mbegu. Picha haichoki, wala haisahau. Itakuwapo siku mtoto huyo atakapoomba kazi. Na wepesi wa kutuma ndio unaotudanganya: kwa kuwa kidole kimegusa mara moja tu, twadhani na dhambi ni ndogo kama mguso ule. Wale waliofundishwa Katekisimo Ndogo wajua kwamba amri ya nane haikomei katika kukataza ushuhuda wa uongo. Yatutaka pia tulitetee jina la jirani. Basi hata picha ya kweli yaweza kuivunja. Mtoto wa darasa la sita aweza kulielewa jambo hili akiulizwa swali moja: "Aliyemo katika picha angekuwa amesimama hapa nyuma yako, ungeituma?"

Mwalimu mmoja atasema, "Haya ni mema, lakini mimi nina watoto 70 darasani, na umeme hatuna. Nitafundisha simu bila simu?" Twajibu kwamba yawezekana kabisa, tena pengine ni bora. Mwaka 2016 jirani zetu wa Kenya walianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za serikali, kazi kubwa yenye nia njema. Na sisi Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 waligawiwa waalimu. Chombo ni msaada. Lakini mambo tunayotaka mtoto ayajue si ya kubonyeza, kwa maana kubonyeza atajifunza mwenyewe kwa alasiri moja. Ni ya kupima. Na kupima kwaweza kufundishwa kwa chaki. Mwalimu na aandike ubaoni ujumbe wa tapeli, neno kwa neno, kisha aulize: Huyu ni nani? Mmejuaje? Ataka nini? Kwa nini ataka upesi? Ungemwuliza nani kabla ya kutuma? Na aandike lile swali la programu ya mkopo na neno "Kubali" chini yake, awaulize watoto wahesabu ni watu wangapi watakaoguswa na kubonyeza huko. Saa moja kwa juma yatosha, wala haitaki bando.

Tena wanaosema mtoto asishike chombo hiki mpaka amalize masomo wamesahau kutazama ndani ya nyumba zao. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, ni nani vijijini amsomeaye bibi ujumbe wa fedha zilizotoka mjini? Ni mjukuu wa darasa la tano. Ni nani atumwaye kwa wakala kutoa shilingi 10,000 za sukari na dawa? Ni yeye yule. Na ikiwa bibi haoni vizuri wala hakusoma, namba yake ya siri aijua nani? Mtoto huyu ni mtunza hazina wa nyumba, na wakati huo huo shuleni ahesabiwa kuwa ni mdogo mno hata asifundishwe habari za simu. Hesabu ya kutoa makato katika 10,000 amefundishwa. Lakini nani amemfundisha adabu ya kazi ile: kwamba salio asome kama lilivyo, asipunguze hata shilingi 500, kwamba namba ya siri ya bibi si siri yake ya kumwambia rafiki, kwamba asimpe wakala simu mkononi aandike mwenyewe namba hiyo, kwamba ujumbe wa shangazi kwa bibi aliousoma kwa ajili ya kazi usiwe habari ya kuchekesha njiani? Huo ni uaminifu mkubwa kuliko tunaowadai watu wazima wengi. Laini nayo imesajiliwa kwa alama za vidole vya bibi, kama ilivyoamriwa tangu 2019, na mtoto akitumia laini hiyo kumtukana mtu, jina litakalotafutwa ni la bibi.

Sasa twafika mahali palipo pazito, ambapo ndipo hasa tulipokusudia kusema.

Tuwaze binti wa kidato cha pili aliye na simu kwa siri. Alipewa na mtu mzima ambaye alijifanya mwema. Baada ya miezi miwili mtu huyo amwambia atume picha ya namna isiyofaa. Binti akataa, kisha, akibembelezwa na kuogopeshwa, atuma moja. Tangu siku hiyo yeye ni mtumwa. "Tuma nyingine, la sivyo nitaionyesha hii." Mwaka 2022 ilitolewa ripoti juu ya Tanzania ya uchunguzi uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, juu ya watoto wanaodhulumiwa kwa njia ya mtandao. Ilionyesha kwamba wadhalimu wa namna hii mara nyingi ni watu ambao mtoto awajua, wala si wageni wa mbali. Na kwamba watoto wachache mno hupeleka habari polisi au kwa namba ya msaada. Wengi hunyamaza, au humwambia rafiki wa rika lao ambaye hana nguvu yoyote.

Kwa nini anyamaze? Tuifuate hesabu ya binti huyu kama yeye aifuatavyo usiku kitandani. Akimwambia mwalimu, jambo la kwanza atakaloungama ni kwamba ana simu. Adhabu ya simu aijua: fimbo, kusimamishwa masomo, mzazi kuitwa, labda kufukuzwa. Adhabu ya yule mtu mzima haijui, wala hana hakika kama itakuwapo. Basi kwake yeye kusema ni adhabu iliyo hakika, na kunyamaza ni aibu ambayo bado yaweza kukawia. Mdhalimu naye ajua sheria za shule vizuri kuliko tunavyodhani. Haimlazimu kutishia kwa kisu. Yatosha aseme, "Ukinitaja, nitamwambia mwalimu mkuu kwamba una simu."

Tazameni, ndugu. Sheria iliyowekwa ili kumlinda mtoto imekuwa kamba mkononi mwa anayemdhulumu. Hatusemi kwamba waliotunga sheria walitaka hivyo. La, hata kidogo. Twasema kwamba sheria isiyo na mlango wa kutokea kwa aliyepatwa na mabaya haina budi kufanya hivyo, apende asipende aliyeitunga. Na hapa ndipo swali letu linapoacha kuwa la taratibu za shule, likawa swali la haki: je, kosa dogo la mtoto laweza kuhesabiwa mbele ya dhuluma kubwa aliyofanyiwa? Mtoto aliyepanda mwembe wa watu akaanguka akavunjika mguu, yuko mtu mwenye akili atakayeanza kumchapa kabla ya kumfunga mguu? Habari ya embe itasemwa siku nyingine, ikiwa bado kuna haja ya kuisema.

Tena kuna namna ya kuuliza inayoua. Mwalimu aletewaye habari hiyo, akianza na "Kwa nini ulituma?", mlango umefungwa, na mabinti wengine watano waliokuwa wakitazama kutoka mbali wataona na kukaa kimya. Afadhali aanze na "Umefanya vema kuniambia." Kisha asifute kitu katika simu ile, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza picha za ngono za watoto na uonevu wa mtandaoni, na ujumbe wa mdhalimu ndio ushahidi. Wala asiitume picha ile kwa mwalimu mwenzake ati kwa kuomba shauri. Kufanya hivyo ni kuisambaza. Ampeleke mtoto pamoja na mzazi wake kwenye dawati la jinsia la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Watakuwapo watakaosema, "Mkiondoa adhabu kwa aliyeleta malalamiko, kila atakayekamatwa na simu atadai amedhulumiwa." Hoja hii si ya kutupwa. Lakini mambo mawili yaweza kutenganishwa. Aliyekuja mwenyewe kabla ya kukamatwa si sawa na aliyekamatwa kisha akatafuta la kusema. Na hata yule aliyekuja mwenyewe, simu yenyewe yaweza kukabidhiwa mzazi wake; sheria ya shule yabaki, fimbo na kufukuzwa ndivyo vinavyoondoka. Tena mtoto mmoja au wawili wakitudanganya kwa njia hiyo, hasara yake ni ndogo. Lakini mmoja asiyesema, hasara yake yaweza kuwa uhai.

Juu ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, tutasema machache. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022, mwanafunzi aweza kupata insha nzima kwa muda wa kuchemsha chai. Waalimu hulia kwamba ni wizi. Sisi twaona neno "wizi" halifiki ndani ya jambo. Aibaye ndizi hushiba. Mtoto huyu hapati hata shibe. Insha haikuagizwa kwa sababu mwalimu ana upungufu wa insha. Iliagizwa ili mtoto ahangaike na sentensi isiyokubali kukaa, na ili mwalimu aone mahali anapojikwaa. Mashine ikiandika, mtoto amenyimwa kuhangaika, na mwalimu amenyimwa kuona. Tena mashine ile haijui kweli na uongo kama mtu ajuavyo. Imejifunza kutokana na maandiko mengi mno ni neno gani hufuata neno gani, nayo husema kosa kwa sauti ile ile nzuri isemayo kweli. Waalimu wenye kishikwambi na wafanye hivi: waiulize mashine mbele ya darasa habari za kata yao wenyewe, majina ya mito, nani alijenga shule, soko huwa siku gani. Watoto watacheka sana, na mtoto aliyekwisha kuicheka mashine kwa kosa analolijua ataisoma kwa tahadhari katika jambo asilolijua.

Neno moja kwa waalimu wenyewe, wa shule na wa kanisa. Imekuwa desturi kumpiga mtoto picha akikosea kusoma, akilia, au akiwa amevaa nguo zilizochanika, na kuiweka mtandaoni watu wacheke, au hata wahurumie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeanza kutuzoeza kuona kwamba sura na jina la mtu ni mali yake. Mtoto naye ni mtu. Mwalimu afanyaye hayo asubuhi, kisha mchana aandike ubaoni "Heshimuni picha za wenzenu," watoto watanakili maneno daftarini, lakini watafuata mfano. Na wazee tunaopokea dawa za uongo na habari za kutisha na kuzisambaza katika makundi ya kwaya na ya mitaa bila kuuliza zimetoka wapi, tusishangae.

Mashine ya kuchapa ilipoenea Ujerumani, ilichapa Maandiko, na ilichapa pia matusi na uzushi mwingi, hata wa watu wa Kanisa wao kwa wao. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani. Hakuwaomba wavunje mashine. Aliwaomba wafungue shule, kwa wavulana na kwa wasichana. Twalitaja hili kwa wale wanaodhani ya kuwa kumfundisha mtoto chombo kipya ni kukisifu chombo hicho.

Sanduku la mwalimu mkuu basi laweza kubaki ofisini. Hatukuandika ili liondolewe, na twajua shule ambako bila sanduku hilo hapangelaliwa. Lakini mwezi wa Januari shule zifunguliwapo, na wazazi waitwapo mkutanoni, wajumbe wa bodi na wazee wa kanisa walio na watoto katika shule hizo wana jambo la kuomba liandikwe katika sheria za shule: kwamba mwanafunzi atakayekuja mwenyewe kusema amedhulumiwa au ametishwa kwa njia ya simu hataadhibiwa kwa kuwa na simu. Ni mstari mmoja tu. Waweza kubandikwa mlangoni pa ofisi na ukutani bwenini, na chini yake iandikwe 116, namba ya msaada kwa mtoto, ambayo kuipiga hakuna malipo, hata kwa simu ya mpishi.